Nyundo Ukutani

Haya yalimpata rafiki yangu Wekoye, seremala wa Bungoma. Mwaka wa themanini na saba, nyumba ya mbao iliyojengwa na babu yake mjini Kitale ingebomolewa kesho yake, isipothibitishwa kuwa ya kale.

"Babu yako aliandika mwaka nyuma ya ubao mmoja wa ukuta," mama yake alisisitiza.

"Mama, nimebandua karibu zote."

Vidole vilimtoka damu. Ndipo akasikia ngo, ngo, ngo ukutani. Kwa mtaimbo akang'oa ubao wa mtarakwa, akaingia kwenye chumba cha giza kisicho na mlango. Akapapasa kuta: vichwa vyote vya misumari vilikuwa upande wa ndani; aliyeipigilia alikuwa humo humo. Sakafuni akagusa nyundo. Mpini ulikuwa bado na joto la mkono.