Chupa Ikae Chini ya Kifua

"Shangazi, rudisha hiyo chupa chini."

"Inanitia kichefuchefu. Damu nje nje namna hii, na wageni wapo?"

Shangazi wa mchumba wangu alikuwa ameinyanyua chupa yangu sakafuni, anataka kuificha juu ya kabati nyuma ya maua aliyoniletea. Ilikuwa siku ya tatu tangu nipasuliwe moyo na kuwekewa vali mpya, kilango cha kupitisha damu. Mirija miwili ilitoka chini ya kifua changu na kuishia kwenye hiyo chupa, ikitoa damu na maji yaliyobaki ndani. Muuguzi alishanionya: chupa isipande juu ya kifua, maana kilichotoka kitarudi kilikotoka.

"Irudishe. Kama hutaki kuiona, fumba macho."

Akaniita mjeuri, lakini akairudisha.

Mama mkwe wangu mtarajiwa alikuwa kitini, mkoba mapajani. Yeye hakupindisha maneno. Alisema amepata habari kwamba vali yangu ni ya chuma, kwamba nitameza dawa za kuzuia damu kuganda maisha yangu yote, na kwamba kubeba mimba kwangu sasa ni hatari. Kulikuwa na vali nyingine, ya nyama ya mnyama, ambayo ingeniachia nafasi ya kuzaa. Nami niliikataa.

"Ulijifikiria mwenyewe," akasema. "Mimi mtoto nimejaliwa mmoja tu. Uvunje huu uchumba kwa heshima, binti, tusifikishane pabaya."

Jibu nilikuwa nalo, ila lilikuwa siri ya mwanawe, na nilimwahidi sitaitoa.

Simu ikatetemeka. Ni mchumba wangu: "Nimesikia wako huko. Napanda ngazi. Usiwajibu kitu."

Hasira zikanipanda. Nisemwe kitandani, halafu nisijibu? Nikamwandikia: "Leo usiposema ukweli, pete utaikuta chini ya mto."

Mchumba wangu, fundi wa mafriji ninayemwita Fundi, akaingia na ovaroli ya kazini huku anahema. Akawaamkia wakubwa zake, kisha akakaa sakafuni kando ya chupa na kuangalia kama mirija imejikunja, kama muuguzi alivyomfundisha.

"Inuka hapo," mama yake akasema. "Huyo kakunyima watoto, na wewe unamlindia chupa?"

"Hajaninyima, mama. Ile vali ya chuma niliitaka mimi."

Shangazi akashika mdomo.

"Yeye aliitaka ile nyingine, akuzalie mjukuu. Daktari akasema itachakaa, na baada ya miaka kumi na kitu atapasuliwa tena. Nikamwomba sana asikubali. Nikamwambia naoa mke, sioi wajukuu."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuogopa. Nikamwachia yeye lawama zangu. Leo nimeacha kukuogopa."

Nilimpenda pale kuliko siku aliyonivisha pete. Lakini sikutaka anisemee yote.

"Mama, yeye aliomba, ila aliyetia sahihi ni mimi. Nilisaini kwa sababu nataka kuishi. Ukinipenda nitafurahi. Usiponipenda, nitaishi vilevile."

Shangazi akainuka, akachukua maua yake na kuondoka nayo. Nikacheka, na mfupa wa kifua ukanikumbusha kwamba umefungwa waya. Fundi akanibana mto kifuani mpaka maumivu yakatulia.

Mama yake alikuwa bado amekaa, anatutazama.

"Mnaoana lini?"

"Mfupa ukishaunga," Fundi akajibu. "Miezi mitatu."

"Mimi sijakubali."

"Tumekusikia, mama."

Akafungua mkoba, akaufunga tena bila kutoa kitu.

"Miezi mitatu ni michache kwa mshonaji. Na gauni liwe la shingo ya juu, lifunike hilo kovu. Watu watasema."

"Waseme," nikamjibu. "Lishonwe la kifua wazi."