Unga Mweupe Ndani ya Chupa

Mchomeleaji na mkewe, fundi cherehani, walikuwa watu wa baiskeli. Kazini walikwenda kwa baiskeli. Siku ya mapumziko walipanda vilima na wenzao wa chama cha waendesha baiskeli. Mchomeleaji walimwita Kwanini, maana hakumeza neno bila kulitafuna.

Sasa chama kilikuwa jangwani, siku ya sita ya safari ndefu. Jua lilichoma kama tanuri. Ukimaliza kilima kimoja, kingine kinakungoja. Waliposimama kupumzika, muuguzi wa msafara aligawa chupa. Maji yake yalikuwa na ukungu.

"Umetia nini humu?" Kwanini akauliza.

"Dawa, kaka. Kunywa tu, twende."

Kunywa tu! Maneno hayo yalimchoma. Miaka ishirini na miwili nyuma, kiwandani, msimamizi aliwagawia vidonge vyeupe. "Dawa ya nguvu. Mezeni tu." Wakafanya zamu mbili bila kulala. Rafiki yake akasinzia kwenye mashine, akapoteza mkono. Vidonge vile vilikuwa na nini? Mpaka leo hakuna aliyeambiwa.

Kwanini akamwaga chupa yake. Akamwaga na ya mkewe.

"Tutakunywa maji matupu. Hawa wanataka tukanyage mpaka tufe."

"Wewe hata mvua ikinyesha unauliza nani kaituma," mkewe akacheka. Lakini akamfuata.

Kilima cha tatu, mke akaanza kuyumba. Akashuka, akatapika, akakaa mchangani akishika miguu.

"Mama watoto! Nitazame!"

"Nakuona. Miguu inakaza. Kichwa kinagonga."

Gari la msafara likafika. Muuguzi akamlaza kivulini, akamlegeza nguo, akamwekea vitambaa vya maji shingoni na kwapani, akampepea. Kisha akatoa chupa. Kwanini akamzuia mkono.

"Hanywi kitu nisichokijua!"

"Mtu anazidiwa, wewe unafungua mahakama!" dereva akafoka.

"Mwache," muuguzi akasema. "Aliniuliza, sikumjibu. Kosa langu. Kaka, ni chumvi na sukari, basi. Nimeiita dawa kwa mazoea. Tazama shati la mkeo."

Mgongoni palikuwa na mistari myeupe. Kwanini akaigusa kwa kidole, akalamba. Chumvi.

"Imemtoka na jasho," muuguzi akasema. "Kutwa amekunywa maji matupu. Maji yamerudi, chumvi haikurudi. Haya, changanya mwenyewe. Lita moja ya maji safi. Sukari vijiko sita vya chai. Chumvi nusu kijiko. Sawazisha kijiko, kisijae kilima. Chumvi ikizidi inadhuru."

Kwanini akapokea makopo na kijiko, akapima. Akaonja kwanza yeye. Kisha akamnywesha mkewe.

"Kidogo kidogo," muuguzi akasema. "Akianza kusema ovyo, au akishindwa kumeza, usimtie kitu kinywani. Endelea kumpoza kwa maji, mkimbize hospitali."

Saa nzima Kwanini alishika chupa ile. Kila mkewe alipofumba macho, alimwita. Pole pole miguu ikalegea. Kichwa kikatulia.

Kuuliza hakukosea. Mtu ana haki ya kujua kinachoingia mwilini mwake, na anayempa ana wajibu wa kumwambia. Alikosea kumwaga kabla ya kudai jibu.

Asubuhi yake, kambini, makopo mawili yalikuwa wazi mezani, moja la sukari, moja la chumvi. Kipimo kiliandikwa kwa herufi kubwa. Kila mmoja alichanganya yake. Waliondoka mapema, na jua la mchana waliliacha lipite wakiwa kivulini. Siku hiyo hakuna aliyeanguka.

Mke wa Kwanini alipanda gari, apate nguvu. Lilipompita mumewe kilimani, akatoa kichwa dirishani.

"Kumbe kukoroga sukari unajua! Miaka kumi na tisa chai nakukorogea mimi!"