Lango la Watulivu

Katika uwanja wa ndege wa Bergen, mwaka 2094, kupakia abiria mia tano na ishirini kulichukua dakika kumi na moja. Mkono wa chuma ulishuka kutoka darini, ukachukua kidaka, sanduku jembamba la kulalia lililokwisha kufungwa, abiria amelala ndani, ukalisukuma ubavuni mwa ndege, kisha ukarudi kuchukua kingine. Hakuna aliyegombea dirisha, maana madirisha hayakuwepo. Hakuna aliyemwegemezea jirani yake kichwa begani wala kumkanyaga akienda msalani. Watu walipangwa safu nne kwenda juu, kama mikate tanuruni, wakalala fofofo mpaka Cardiff.

Aliyebuni mpango huo alikuwa amesimama kwenye foleni siku hiyo na mkoba mmoja mdogo. Dakta Raya Faki, mzaliwa wa Wete kisiwani Pemba, alikuwa na miaka hamsini na miwili na hakuwa mtu wa kujisifu mbele za watu, ila moyoni alijisifu sana. Hata jina la vidaka alilitoa nyumbani kwa bibi yake, ambako ukutani mlikuwa na vishimo vya kuwekea misahafu na vikombe vya kizamani. Ndege iliyokuwa ikibeba watu mia moja na themanini waliokunja magoti sasa ilibeba karibu mara tatu yao, tena kwa mafuta yale yale. Katika safari zote fupi za Ulaya, daraja la vidaka ndilo lililobaki. Ndege za kukaa macho ziliachwa zamani, na watu wakazisahau upesi.

Alfajiri ile mdogo wake, Khatib, alimpigia simu kutoka Cardiff, anakoishi na mama yao. Alisema mama ana homa kidogo.

"Homa kidogo ndiyo ya kuniitia mimi?" Raya alimuuliza. "Leo nina kikao na wakaguzi."

"Anakutaka tu, dada. Njoo."

Basi akaahirisha kikao, akaenda uwanja wa ndege. Njiani alinung'unika kidogo, kama wanavyonung'unika watoto wakubwa wa familia, kisha akamnunulia mama yake shali ya sufu.

Foleni ilikuwa ikielekea kwenye kipimautulivu. Hicho kilikuwa lango jembamba lenye kibao cha kuwekea kiganja na jicho la kioo mbele. Abiria alisimama pale kwa muda wa pumzi arobaini, mtambo ukasoma mapigo ya moyo, jasho la kiganja na mboni za macho. Taa ikiwaka kijani, alivishwa mkufu wa usingizi shingoni na kulazwa kidakani. Ikiwaka nyekundu, alipewa nafasi ya pili, na ikiwaka nyekundu tena, hakusafiri. Sababu ilikuwepo, na ilikuwa ya kweli. Katika majaribio ya mwanzo watu wawili walilazwa mioyo ikiwa inawaenda mbio, wakaamka katikati ya safari, gizani, ndani ya sanduku lisilofunguka. Mmoja alipoteza maisha. Raya alihudhuria mazishi yake, na aliporudi aliandika sharti kwamba mtu aliyekataliwa na mtambo asiruhusiwe na yeyote, hata rubani, hata mbunifu mwenyewe.

Katika kila abiria elfu moja, wawili walikataliwa. Kwenye ripoti zake Raya aliwaita wenye hofu ya ndege, akawaonea huruma kidogo, akaendelea na kazi.

Mbele yake alikuwepo mwanamume wa makamo aliyevaa koti jeusi. Taa iliwaka nyekundu. Alifuta kiganja kwenye suruali, akakirudisha kibaoni, akafumba macho na midomo yake ikawa inacheza. Taa ikawaka nyekundu tena.

"Basi, Bwana Mselem," alisema mhudumu wa lango kwa Kiswahili. "Nisamehe sana. Siwezi kitu."

"Wanamzika saa kumi, binti. Ni ndugu yangu wa tumbo moja."

"Najua, baba. Najua."

Mwanamume yule hakubishana. Aliokota mkoba wake, akaenda kukaa kwenye viti vya pembeni, akaufunika uso kwa mikono yote miwili. Raya alimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu abuni lango lile aliona haya kulikaribia.

Mhudumu, kibao cha jina lake kikisema Mwanahawa, alisoma jina na cheo cha abiria anayefuata kwenye beji yake ya maabara, akajua kwamba anaelewa Kiswahili. Alikuwa mtu wa Mombasa, na watu wa kwao alikuwa hawaoni mara nyingi.

"Kuna mjinga alimpigia simu asubuhi kumpa pole," alisema kwa sauti ya chini huku akisafisha kibao cha kiganja. "Ndiyo yaliyomharibia. Nduguze walikuwa washapanga asiambiwe."

"Asiambiwe nini?"

"Msiba, dadangu. Nyinyi wa maabara hamyajui haya? Mtu mwenye msiba hapiti hapa hata afanyeje. Mwanzo tulikuwa twawarudisha kumi, kumi na tano kwa wiki, wote waenda mazikoni. Sasa watu wetu wameerevuka. Zamani tulikuwa tukimficha mtu akiwa mbali ili asipate mshtuko njiani, sivyo? Sasa twamficha ili apite langoni. Mtu haambiwi fulani kafa. Aambiwa fulani yu mgonjwa, njoo. Akishatua kule, ndugu zake wamngoja mlangoni, ndipo aambiwa."

Raya alikuwa akifikiria wale wawili katika kila elfu. Alihesabu haraka, kwa mazoea, idadi yao kwa mwaka mzima na kwa viwanja vyote, akapata watu elfu nyingi waliokaa kwenye viti vya pembeni huku wafu wao wakizikwa. Na yeye aliwaandika kuwa ni waoga.

"Na wewe wasafiri kikazi?" Mwanahawa aliuliza.

"Hapana. Namwendea mama. Ana homa kidogo."

Mwanahawa alikuwa ameshika kitambaa. Mkono wake ulisimama. Aliinamisha macho, akaanza kusugua tena kibao ambacho kilikwisha kuwa safi.

Raya aliuona mkono ule uliosimama. Akaikumbuka na simu ya alfajiri, na sauti ya Khatib ambaye siku zote huongea bila kituo na leo alisema maneno machache kama aliyeandikiwa. Akatoka kwenye mstari hatua mbili, akapiga simu.

"Khatib. Mama hajambo?"

"Ushapanda ndege?"

"Nimekuuliza mama."

"Panda kwanza, dada. Ukifika tutazungumza."

"Mpe simu niongee naye."

Nyuma ya Khatib palisikika wanawake wengi ndani ya nyumba ambayo kwa kawaida ina watu wanne, na viti vikiburutwa.

"Amelala," alisema Khatib. "Panda, Raya. Nakuomba. Panda tu."

Akakata simu kabla dada yake hajamuuliza lolote jingine. Raya alirudi langoni. Watu wengine waliokuwa nyuma yake walimpisha, sijui waliona nini usoni kwake.

Miaka mingi nyuma, bibi yake alipofariki, mama yake alimwita chumbani kushika mtungi wakati wa kumkosha marehemu, kumwogesha kabla ya sanda. Raya alikuwa na miaka kumi na saba na aliogopa. Mama alimwambia, "Siku yangu nikoshe wewe. Sina binti mwingine." Raya aliahidi. Lilikuwa jambo pekee ambalo mama yake aliwahi kumwomba, na treni ya chini ya bahari ingemfikisha kesho adhuhuri. Mama angezikwa leo. Njia ilikuwa hii moja.

Aliweka kiganja kibaoni. Hakuna mtu duniani aliyeijua mashine ile kumzidi. Alijua pumzi iwe ndefu kiasi gani, alijua mboni hutulia mtu akitazama kitu cha mbali. Alijilazimisha kuamini kwamba mama ana homa kidogo, kwamba yuko kitandani anasubiri shali, analalamika uji una chumvi. Akamwona kabisa, na kwa kumwona vile machozi yakamtoka. Taa ikawaka nyekundu.

Mara ya pili aliacha kumfikiria mama. Alihesabu bawaba za kidaka, unene wa bati, uzito wa mkufu. Moyo ulianza kushuka. Alihisi unashuka, akajiona amesimama mkavu mbele ya kioo kama mtu asiyefiwa, na akajichukia. Kiganja kikalowa. Taa ikawaka nyekundu.

"Dakta," alisema Mwanahawa, naye analia, "kama kuna namna yoyote ya kuufungua huu mtambo, nionyeshe. Nitafungua mimi, wanifukuze."

"Hakuna," alisema Raya. "Nilihakikisha."

Alikwenda kwenye viti vya pembeni, akakaa kando ya Bwana Mselem. Mwanamume yule aliinua uso, akamtazama, akasogeza mkoba wake ili amwachie nafasi.

"Pole, dada," alisema.

"Pole na wewe, kaka."

Kupitia kioo waliuona mkono wa chuma ukimalizia safu ya juu. Ndege ilifungwa. Raya akapiga simu tena, na Khatib alipopokea hakumpa nafasi ya kuuliza.

"Sijapanda," alisema. "Wala sipandi. Usinifiche tena."

Mdogo wake aliangua kilio kama mtoto. Alilia kwa muda mrefu, na Raya alimwacha alie, akimwitikia tu, "Ndiyo. Ndiyo, Khatib." Baadaye akapata kusema kwamba ilikuwa usiku, saa nane, usingizini. Wakoshaji wamekwisha kufika. Walikuwa wakimngoja yeye.

"Wasiningoje."

"Dada, alitaka wewe."

"Najua alichotaka. Mpe mkeo simu." Wifi yake alipokuja, Raya alivuta pumzi ndefu, na sauti yake ilitulia kuliko ilivyotulia pale langoni. "Mkosheni, wifi. Ila maji yawe ya uvuguvugu. Tia mkono wako kwanza, uyaonje. Mama hawezi baridi."