Shikamoo ya Anuari

"Mboni! Mzigo umetoka! Mkokoteni wa kijani, Mtaa wa Kongo!"

Mboni alikwishaanza kukimbia.

Redio ya Motorola sikioni. Bastola ya polisi, Glock 19, kiunoni, chini ya dera. Kariakoo ilifurika watu wa mchana, na mbele yake mkokoteni ulikata umati kwa fujo, marobota ya mitumba yakiyumba juu yake.

Ndani ya marobota hayo mlikuwa na bastola za magendo. Mwenye mzigo alikuwa Shaibu, tajiri wa ghala moja la Mchafukoge.

Mzigo haukupaswa kutoka kabla ya usiku. Mtu alikuwa amewashtua.

Mboni aliruka meza ya soksi, mwenye meza akamporomoshea matusi. Msukuma mkokoteni akaona amefikiwa. Akauachia mkokoteni, akachomoa kisu.

Kisu kilikuwa na damu mbichi.

"Tupa! Lala chini!"

Mdomo wa Glock ulimwelekea kifuani. Akalala.

"Mkokoteni tunao," Mboni alisema redioni.

"Shaibu naye tunaye." Ilikuwa sauti ya Polycarp, mkuu wake. Ilikuwa nzito. "Njoo ghalani, Mboni. Ni Victoria."

Victoria alikuwa mama ntilie wa pale, na ndiye aliyekuwa akiwapenyezea habari. Alilala kando ya masufuria yake, amefunikwa kanga. Wali wake ulikuwa ukiungulia na hakuna aliyekumbuka kuuepua.

Mboni alichutama mbele ya Mzee Hashimu, mtunza ghala, aliyefungwa pingu.

"Mzee, kwa nini?"

"Mwanangu, kisu sikukishika mimi. Uliniingia ujumbe kutoka akaunti ya tajiri. 'Shikamoo mzee, leo usipakie mzigo.' Shikamoo! Shaibu hajanipa shikamoo tangu nimfahamu. Nikampigia kumuuliza. Akasema kuna mtu kaingia kwenye akaunti yake, na hawezi kuwa mwingine ila huyu mama anayemchajia simu. Akampigia msukuma mkokoteni ammalize, kisha atoe mzigo upesi."

Mboni aligeuka taratibu.

Anuari alisimama mlangoni, midomo imemkauka. Hapakuwa na kijana mwenye adabu kama yeye kikosini. Alimwamkia kila aliyemzidi umri, kuanzia mkuu hadi mfagizi. Mboni ndiye aliyemfundisha kazi, na alimpenda kama mdogo wake wa tumbo moja.

"Nilibahatisha neno la siri la Shaibu, dada. Jina la mwanawe tu. Nilitaka kuuchelewesha mzigo mpaka kibali cha mahakama cha kupekua ghala kitoke."

"Kibali kimetoka asubuhi hii."

Anuari alifunika uso kwa viganja.

Polycarp alimvuta Mboni pembeni. "Tuandike kwamba ujumbe ule ulitumwa na chanzo cha siri. Mke wa kijana, Evelyn, ni mjamzito, unajua."

"Chanzo chetu cha siri kimelala pale, mkuu."



Mboni alimrudia kijana wake. Sauti ilimtoka kavu.

"Nilikufundisha nini siku ya kwanza?"

"Kuingia akaunti ya mtu bila kibali ni jela." Anuari alimeza mate. "Hata akaunti ya jambazi. Hata kama anayeingia ni sisi."

"Basi lete silaha."

Alimkabidhi bastola na kitambulisho, akanyoosha mikono mwenyewe. Pingu zikalia.

"Evelyn ataniuliza nimefanya nini."

"Nitamwambia mimi."

Nje Land Cruiser ilikuwa ikiunguruma. Anuari aliweka mguu mmoja ndani, akasita, akageuka.

"Leo hatujaamkiana, dada. Shikamoo."

Mboni alitamani kumfungua pale pale. Alitamani kumzaba kofi pia, kwa ajili ya Victoria.

"Marahaba," alisema.

Mlango ukafungwa. Mboni akavaa miwani yake ya jua, akaelekea Mnazi Mmoja kwa miguu, mwendo wa mtu asiye na haraka. Watu waliopishana naye hawakujua kwamba analia.