Mtungi wa Chumvi Kidogo

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Wipa alipasha moto wali wa kunata kwa mvuke na kuupeleka chumbani kwa Bibi. Kila alasiri aliporudi aliukuta uleule, umekauka juu, umemegwa tonge moja tu pembeni. Aliutupa kwenye pipa la taka na kuufunika kwa maganda ya viazi. Mama akiuona angelia, na Wipa alikuwa amechoka kuona watu wazima wakilia.

Walikaa Szolnok, kando ya mto Tisza, ghorofa ya tatu ya jengo la zamani karibu na stesheni. Mama yake, Saengdao, alifanya kazi ya masaji. Baba yake wa kambo, Ottó, alikuwa fundi wa reli. Wipa aliletwa Hungaria akiwa mdogo sana, na tumbo lake lilishahamia huko zamani: ukimpa mkate wa kukaanga uliopakwa malai na jibini, umemmaliza. Bibi Thongsai, mama yake Mama, aliletwa majira ya kuchipua yaliyopita, baada ya Babu kufariki kijijini kwao Thailand. Yeye alikuja mzima mzima, isipokuwa hamu ya kula, iliyobaki kijijini.

Si kwamba hawakuhangaika. Mama alipanda treni hadi Budapest, kwenye duka la vyakula vya Asia, akarudi na mchele wa kunata, pilipili, na chupa ya mchuzi wa samaki wa kuvundikwa, kile kitoweo ambacho Bibi alikula tangu alipoota meno. Bibi akaonja.

"Mzuri," alisema.

Hakuugusa tena. Mchuzi wa chupa ulikuwa umechemshwa kiwandani, hauna ladha wala harufu ya kwao, lakini Bibi hakusema hivyo. Kwao, kumwambia mtu aliyekuhangaikia kwamba alichokuletea hakifai ni aibu kubwa. Unatabasamu, unashukuru, na unabaki na njaa yako.

Ottó naye alimpikia supu ya samaki ya kwao, nyekundu kama rangi ya mlango kwa pilipili yao isiyowasha. "Nzuri," Bibi alisema, akaweka kijiko chini. Daktari alisema figo zake zimechoka na shinikizo la damu liko juu, kwa hiyo chumvi ni marufuku. "Chumvi itamuua," ndivyo alivyosema, na Wipa ndiye aliyemtafsiria Bibi. Majira ya baridi yalipoingia, Bibi alikuwa mwepesi kiasi kwamba Wipa aliweza kumwinua kitandani peke yake. Nyumbani hakuna aliyethubutu kusema hali inaelekea wapi, lakini wote walijua.

Wipa akaamua kumvundikia samaki mwenyewe. Alimpigia simu Bibi Bunmi, mdogo wake Bibi, aliyekuwa kijijini.

"Utaweza wewe, mtoto wa Wazungu?" Bibi Bunmi alicheka mpaka akakohoa. "Haya, sikiliza. Samaki wadogo, wasafishe. Unga wa mchele uliokaangwa. Na chumvi. Tia, halafu tia tena. Ukiona umezidisha, ndiyo imeanza kutosha."

"Chumvi yote hiyo, Bibi?"

"Ndio samaki wenyewe hao! Usiwaonee huruma."

Lakini Wipa alimwonea huruma Bibi yake. Alichukua samaki wadogo ambao Ottó aliwavua Tisza akawaona hawafai kukaangwa, akawapanga kwenye mtungi wa kioo uliokuwa na matango ya siki, akatia unga wa mchele, na chumvi akatia kidogo tu, kama anayeunga mboga. Aliona amekuwa na akili kuliko wote: Bibi atapata samaki wake, na figo zake zitakuwa salama. Akaufunga mtungi kabisa na kuuficha stoo ya chini, nyuma ya bomba la maji ya moto, mahali penye joto kama la kijijini.

Baada ya muda harufu ilipenya kifuniko ikaanza kupanda ngazi. Bi Ilonka, jirani wa chini, akamzuia Ottó mlangoni.

"Kuna kitu kimekufa huko stoo! Kama si panya, basi ni mpangaji. Hebu hesabuni watu wenu!"

Ottó aliweka mitego ya panya kila kona, akatia vipande vya soseji ambavyo angependa kula mwenyewe. Hakunasa kitu.

"Wipa, wewe hujaona chochote huko chini?"

"Sijaona, baba. Labda panya ni mjanja."

Uongo ulimtoka kirahisi hata akajishangaa.

Jumamosi moja, Mama na Ottó wakiwa kazini, Wipa aliupandisha mtungi. Alitwanga pilipili na ndimu, akakata nyuzi nyuzi za karalabe, mboga ngumu ya huko ya jamii ya kabichi, badala ya papai bichi, maana papai bichi Szolnok ni ndoto, kisha akamimina mchuzi wa samaki wake. Yeye harufu ile ilimshinda, kwa hiyo alijipashia kipande cha piza. Wakakaa sakafuni yeye na Bibi, kila mtu na chake.

Bibi aliinamia bakuli. Akanusa. Akamtazama mjukuu wake, jinsi alivyokaa ameshika piza bila kuila, macho yamemtoka kwa kungoja. Halafu akaanza kula. Alikula yote.

"Tamu?"

"Tamu sana, mjukuu wangu."

Wipa alilia kwa furaha. Tangu Bibi afike, hakuwahi kuona bakuli likirudi tupu.

Kesho yake mchana Bibi aliona Wipa wawili. Kope zilimwangukia na hakuweza kuziinua. Alipotaka kusema, ulimi ulikuwa mzito, na maji aliyopewa yalitokea puani. Ottó alipiga simu, gari la wagonjwa likaja.

Hospitalini walisema ni kiharusi. Mzee, shinikizo la damu, uso umelegea. Nani angefikiria vingine? Lakini picha ya ubongo haikuonyesha kitu, na pumzi ya Bibi ilizidi kupungua. Daktari Margit, mama mrefu mwenye sauti ya chini, aliwafuata kwenye benchi.

"Amekula nini siku hizi mbili?"

"Wali," Mama alijibu huku akilia. "Hali kitu, daktari! Yule mtu hali kitu!"

Wipa alitazama viatu vyake. Aliamini hata ile chumvi kidogo imemuua Bibi. Akisema, Mama hatamtazama tena usoni. Asiposema, hakuna atakayejua, maana Bibi hawezi kuongea. Mlango wa chumba ulifunguliwa, wakapita wakisukuma mashine ya kupumulia, na kupitia mlangoni Wipa aliona mguu wa Bibi, mdogo, umevaa soksi aliyomvalisha yeye asubuhi.

"Alikula samaki," alisema. Sauti haikutoka vizuri, akarudia kwa nguvu. "Alikula samaki wangu! Niliwavundika mimi. Hakuna panya. Hakukuwa na panya!"

Mama aliinua mkono, ukabaki hewani. Ottó akaushika taratibu na kuushusha.

"Samaki wabichi?" Daktari Margit alichuchumaa mbele yake. "Walifungiwa kwenye mtungi? Chumvi kiasi gani?"

"Kidogo tu. Mlisema chumvi itamuua."

Daktari alifumba macho kidogo, kisha akainuka na kukimbia. Baadaye ndipo alipowaeleza. Chumvi nyingi ndiyo inayozuia samaki wa namna ile wasigeuke sumu. Kwenye mtungi uliofungwa, wenye joto na chumvi haba, huota vijidudu ambavyo sumu yao hulegeza misuli, kuanzia kope mpaka kifua kinachovuta pumzi. Ipo dawa, lakini ni ya sumu hiyo tu na haingojei. Ilibidi iletwe kutoka Budapest.

"Atapona?" Mama aliuliza.

"Sijui. Mngesema kesho, ningejua, na jibu lisingekuwa zuri."

Dawa ilifika. Bibi alipumuliwa na mashine muda mrefu, theluji ikaanguka ikayeyuka, ikaanguka tena. Daktari hakuahidi kitu. Mama hakumpiga Wipa wala kumgombeza, na hilo lilimuuma kuliko kofi.

Walipomtoa kwenye mashine, sauti ya Bibi ilikuwa kama ya karatasi. Wipa aliingia akasimama kando ya kitanda.

"Nisamehe, Bibi."

"Kaa hapa." Bibi alimshika kidole. "Nilijua wameoza."

Wipa aliinua uso akamtazama.

"Nimevundika samaki tangu nikiwa na umri wako. Nilinusa tu, nikajua. Nikala."

"Kwa nini, Bibi?"

"Ulikuwa umejitahidi. Niliona haya kukukatalia." Alipumzika ili apate pumzi. "Tangu nifike hapa ninasema nzuri, nzuri, na mama yako anadhani sili kwa ugonjwa. Wewe ulificha kwa kunipenda, na mimi nikadanganya kwa kukupenda, na mapenzi yetu hayo yalitaka kuniua. Kwetu sitarudi, mwanangu, najua. Hamu ya kile chakula nayo haitaniisha. Lakini hamu haiui mtu. Kilichotaka kuniua ni kuficha, kwako na kwangu. Kuanzia leo, humu ndani tuambiane ukweli, hata kama unachukiza."

Muuguzi aliingia na bakuli la uji wa semolina ulionyunyiziwa kakao. Wipa akamlisha kijiko kimoja.

"Mtamu, Bibi?"

Bibi alitabasamu, kinywa kikajiandaa kusema lile neno lake. Halafu tabasamu likamtoka.

"Mbaya," alisema. "Mbaya mno. Uondoe."

Mama, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliziba mdomo kwa mkono. Aliingia, akauondoa uji, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Basi utakula nini, mama? Sema kweli."

Bibi alijifuta kakao mdomoni.

"Ile supu ya mumeo. Apunguze ile pilipili yao nyekundu isiyowasha, aweke inayowasha. Na ndimu. Haitakuwa nzuri." Akavuta pumzi. "Lakini nitaila."