Mrija wa Bi Mayasa

Kila asubuhi Bi Mayasa alipika maua ya langilangi uani kwake, Mji Mkongwe. Mvuke ulipanda, ukapita kwenye mrija uliozungukwa na maji baridi, ukashuka umeshakuwa maji na mafuta. Mtaa mzima ulinukia kama nyumba yenye harusi.

Siku moja Amour, mtengeneza sabuni wa Paje, alirudisha chupa zote za mafuta alizonunua kwake.

"Bi Mayasa, mashine ya kupimia imeonesha mafuta yako yamechanganywa. Umetia mafuta rahisi."

"Mimi, Amour? Miaka kumi unanunua kwangu."

"Ndiyo maana imeniuma."

Bi Mayasa hakukubali. Aitwe mwizi uzeeni! Akachukua chupa moja, akampelekea jirani yake Fiza, mfanyakazi wa maabara.

"Shikamoo, Bi Mayasa."

"Marahaba, mwanangu. Nisafishie jina langu."

Huko maabara, Fiza alipitisha mwanga ndani ya mafuta. Mashine ikachora mstari wenye vilima. Kilima kimoja kilikuwa kipana kupita kiasi.

"Hapa vitu viwili vimepandana," alisema. "Binti zako wawili wakisema kwa pamoja jikoni, utawatambua?"

"Nitawatambua. Sauti zao nnazijua."

"Basi na hesabu ni hivyo hivyo. Kilima cha langilangi safi nnakijua. Vya mimea mingine nnavijua. Kompyuta inajumlisha, hiki kingi, kile kidogo, mpaka jumla ifanane na mstari wako."

Haikuchukua muda. "Langilangi tisini na saba katika mia. Mchaichai tatu."

Bi Mayasa akashika kichwa. "Siku ile nilipika mchaichai kwanza, kabla ya maua. Sufuria nililisugua. Mrija sikuugusa."

"Mchaichai ulibakia humo."

"Na hayo mafuta rahisi aliyoyasema Amour?"

Fiza alikiondoa kilima cha langilangi na cha mchaichai. Mstari uliobaki ulilala, umenyooka.

"Hakuna kitu kingine, Bi Mayasa. Hukumdanganya mtu."

Machozi yalimtoka. Hebu fikiri, hesabu zile zile tulizozikimbia shuleni zimemtoa mtu aibuni!

"Kila ukibadilisha mmea," Fiza alimwambia, "kwanza pika maji matupu. Mvuke utauosha mrija."

Amour aliisoma karatasi ya majibu ya maabara aliyopelekewa. "Niwie radhi, Bi Mayasa," alisema. Mafuta mapya yalipopimwa yakawa safi, akachukua chupa zote.

Siku hizi majirani wanamtania. "Bi Mayasa, leo wapika maji matupu?"

"Nnaosha mrija," anajibu, wala hatii ua hata moja mpaka mvuke usiwe na harufu yoyote.