Mwalimu wa Galaksi

Siku ya soko Eldoret hakuna anayempisha mwenzake. Mwalimu Jacktone Obonyo, shati jeupe, tai ya kijani na viatu vilivyojaa chaki, alisukumwa na umati mpaka akajikuta mbele ya kibanda cha Waithira, fundi wa nguo.

"Nipatie lastiki, mita tatu."

"Mwalimu, kiuno cha mita tatu ni cha nani? Huyo sijamwona hapa mjini."

Jacktone alicheka. Waithira alikuwa amevaa gauni la kitenge cha manjano alilojishonea mwenyewe, pini mbili zimechomekwa kwenye kola. Jacktone alimpenda papo hapo, na sina haja ya kuzungukazunguka.

"Nafundisha form four jinsi ulimwengu unavyotanuka," alieleza. "Nachora madoa kwenye lastiki, hayo ni galaksi. Tukivuta, doa la karibu linasogea kidogo, la mbali linasogea zaidi. Na hakuna hata moja limetembea. Ni nafasi katikati yao imeongezeka."

"Lakini doa la wino pia litavutika. Kwani galaksi zinanenepa?"

"Hapana. Galaksi imeshikwa na mvutano wake, yenyewe haitanuki."

"Basi usichore. Wacha nikushonee vifungo. Kifungo hakinenepi."

Miaka sita Jacktone alikuwa amechora madoa, na hakuna aliyewahi kumkosoa. Aliomba namba ya simu hata kabla ya kulipa.

Kwa miezi minne walipigiana simu kila jioni.

"Mwalimu wangu, leo galaksi zimefika wapi?"

"Kuna moja mwanga wake umesafiri zaidi ya miaka bilioni kumi na tatu kutufikia. Lakini sasa hivi yenyewe iko umbali wa miaka ya mwanga zaidi ya bilioni thelathini."

"Wacha uongo, sweetheart. Hiyo hesabu haiingiani."

"Mwanga ukiwa njiani, njia yenyewe ilikuwa inarefuka, mbele yake na nyuma yake."

"Kwa hivyo tunaiona vile ilikuwa zamani, na yenyewe imeshaenda?"

"Imeenda sana, mpenzi."

Halafu Maximilla, karani wa shule ya Jacktone, akaja kupimwa sketi. "Pole na hii transfer ya Obonyo," alisema. "Lakini Homa Bay si mbali sana."

Waithira alijidunga kidole. Kwa maelezo ya Maximilla, barua ya uhamisho ilikuwa na wiki tatu! Wiki hizohizo Jacktone alikuwa akimsimulia kila jioni habari za vitu vinavyoachana bila mtu kukosea. Kumbe alikuwa anaagwa, tena kwa sayansi, na mtu asiye na ujasiri wa kusema. Iliuma vibaya, kwa maana alikuwa amempenda kwa dhati. Akazima simu siku tano.

Siku ya sita Jacktone alifika kibandani, tai imepinda.

"Waithira, nimekosa nini?"

"Si unahama? Umeniandaa vizuri na galaksi zako."

"Ile ilikuwa silabasi!"

Mteja wa kibanda cha jirani aligeuka kutazama. Jacktone akashusha sauti.

"Barua nilificha, hapo nimekosa. Nilikata rufaa nikidhani watanisikiza. Jana wamekataa. Januari lazima niende."

"Na mimi?"

"Nataka kukuoa. Sijui kuisema vizuri."

Waithira alifurahi, lakini hakutaka Jacktone ajue upesi hivyo. Akakunja kitambaa kilichokuwa kimeshakunjwa.

"Kibanda changu sifungi. Itabidi wewe ndiye unakuja."

"Nitakuja kila nikipata nafasi."

"Na huko juu, hakuna hata galaksi moja inakuja upande wetu?"

"Iko. Inaitwa Andromeda. Kwa sababu iko karibu, mvutano umeshinda kule kutanuka. Inatujia."

"Itafika lini?"

"Baada ya mabilioni ya miaka, kama haitatupita."

"Wewe uko na mpaka Jumamosi," Waithira alisema. "Mama yangu anakaa Burnt Forest, na hapendi mgeni wa kuchelewa."